Alama za Moshi

Mwezi wa tano mwaka 1998, mafuriko yalipokuwa yanarudi mtoni na kuacha tope kwenye vizingiti vya nyumba za Mofu, bonde la Kilombero, Paulina alikuwa amekaa jikoni kwake juu ya kigoda, anapepeta mchele wa mchana. Kifuniko cha mtungi wa maji ya kunywa kiliinuka, kikapanda hadi kwenye makuti ya paa, kikatulia huko. Paulina alimaliza kwanza kupepeta, maana mchele uliokwisha kutiwa kwenye ungo hauachwi njiani, kisha akachukua ufagio na kukishusha. Kikapanda tena. Akakigandamiza kwa jiwe la kupondea karanga, na jiwe nalo likapanda.

Alichungulia mtungini. Maji yalikuwa yanapungua wala hakuna aliyeyanywa. Yalitoa sauti ndogo ya kuchemka ingawa yalikuwa ya baridi, ile baridi nzuri ya mtungi wa udongo. Akaenda kumwita Mwalimu Amedeus, aliyekuwa anafundisha sayansi shule ya msingi na ndiye mtu wa karibu mwenye kuvaa saa.

Mwalimu aliinama, akaweka sikio. Alisikiliza kwa muda mrefu, kama anavyomsikiliza mtoto anayesoma vibaya lakini kwa bidii.

"Maji yameachana," akasema. "Hewa moja imebaki chini, nyingine inakwenda zake juu. Hiyo ya juu inaitwa haidrojeni. Inawaka."

"Na moshi wake?"

"Haina moshi, mama. Ikishaungua inarudi kuwa maji."

Paulina hakuuliza kitu kingine. Ninyi mngeuliza mengi, najua: mtungi gani huo, umetoka wapi, una nini ndani. Paulina alikuwa na swali moja tu hapa duniani, na hilo lilikuwa limejibiwa. Bintiye, Teddy, alikuwa na kifua kisichopatana na moshi. Tangu utotoni alikuwa hivyo, na sasa alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, mrefu, mcheshi, fundi wa kusuka mikeka. Moshi ukimfikia tu, alikohoa mpaka kanga aliyojifunika mdomoni ikawa na damu. Madaktari walimpa dawa na ushauri wa kukaa mbali na moshi. Ushauri ulikuwa mzuri. Lakini Mofu watu wanapika kwa kuni, wanakausha samaki aina ya kitoga kwa moshi, wanafukuza mbu kwa moshi, na kiangazi kikiingia wanachoma nyasi bondeni tangu mtoni hadi miguuni mwa milima. Ukimwambia mtu wa Mofu akae mbali na moshi umemwambia ahame duniani.

Mwalimu alitoboa kifuniko, akapachika mwanzi mrefu, akaziba kwa udongo wa mfinyanzi. Upande wa pili wa mwanzi walipanga mafiga. Paulina akawasha kiberiti, kikazimika, basi wakadhani imeshindikana. Kumbe moto ulikuwa umekwisha kuwaka. Ulikuwa hauonekani mchana. Paulina aliujua kwa kuunguza ukucha.

Akatenga sufuria juu ya mafiga matupu, na wali ukaiva. Chini ya sufuria matone ya maji yalikuwa yanadondoka, masafi, hayana ladha ya mto wala ya tope, na Teddy akayakinga kwa bakuli akayanywa. Jua lilipozama ndipo moto ulipojionyesha. Ulikuwa mwembamba, wa samawati iliyofifia, umesimama wima bila kutikisika, hauli kuni wala hautoi majivu. Paulina alisimama mbele yake mikono kifuani. Kusema kweli hakujua kama aliyo nayo ni hofu au furaha. Teddy alikuwa amekaa jikoni. Mwanawe alikuwa amekaa jikoni, miguu ameinyoosha, anamsimulia habari za mchana, na hakohoi.

Ndani ya nyumba mambo yakawa hivyo. Nje, ikifika saa ya kupika, majirani waliwasha kuni zao, na moshi hauna hodi. Siku ya kwanza ulipoingia, Paulina alikimbilia kanga ya kumpa Teddy. Hakuihitaji. Kifua chake kilikuwa kimeshalala na kuamka karibu na mtungi, kimeshazoea hewa ile inayopenda juu, na moshi ulipokiingia hakikukohoa. Kilimwinua. Nyayo zake ziliacha sakafu, akatoka mlangoni taratibu, akapita ukingo wa paa, akaupita msufi wa kwa jirani yao Wilhelmina, akafika mahali ambapo moshi ulikuwa umeishia, akatulia.

"Unaonaje huko?" Paulina akauliza, mkono juu ya macho.

"Ninapumua, mama."

Akamweleza anayoyaona. Mto Kilombero ulikuwa umejigawa mikono mingi kuliko watu wanavyohesabu, na kila mkono ulikuwa umebeba kipande cha mbingu. Sheshe, swala wa bondeni, walikuwa wanalisha kwenye nyika iliyolowa, wekundu, maelfu. Milima ya Udzungwa ilikuwa upande mmoja na ya Mahenge upande wa pili, na kati yake treni ilikuwa inakwenda Mngeta na taa zake zimewashwa. Alieleza polepole, akinyamaza mahali maneno yalipomshinda. Paulina alisikiliza hadi shingo ikauma. Majirani walipomaliza kupika na kuzima, Teddy akashuka, akaomba wali.

Kuanzia siku ya pili Paulina alimfunga kamba kiunoni, kwa ajili ya upepo wa milimani. Ncha nyingine aliifunga kwenye nguzo ya jiko.

Watu walizoea upesi. Msimu wa mpunga ulikuwa umefika, na Teddy akawa anaamia ndege kutoka juu, akipiga debe, na kwelea walikimbia kitongoji kizima. Mayunga, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, alikuwa akipita kila jioni na kuinua uso: "Teddy, ng'ombe zangu zimelala wapi?" Naye alionyesha kwa kidole. Padre alipokuja kigangoni alibariki mtungi, akaomba chai ya maji yale yanayodondoka, akaongezewa. Wote waliona ni jambo jema. Paulina peke yake ndiye hakuzoea. Hakuzaa mtoto wa kuangaliwa kwa kuinua shingo.

Alilotaka lilikuwa jepesi kulisema: kila nyumba ya kitongoji ipikie hewa ya mtungi, moshi uishe, Teddy akae chini na watu. Mtungi wenyewe ulikuwa na uwezo huo, kwa maana kadiri ulivyojazwa maji ndivyo ulivyotoa. Kilichokosekana ni mabomba. Walijaribu mianzi, wakaiunganisha hadi kwa Wilhelmina, wakaziba kila kiungo kwa udongo. Bomba lilipojaa liliinuka kutoka ardhini lote, likajikunja mara moja, likaondoka kuelekea Mahenge. Wanaume walilitazama mpaka likapotea, wakarudi kuvuna. Yalihitajika mabomba ya chuma na tangi la kuyashika chini, na vitu hivyo havisukwi kwa ukindu.

Ndipo redio ilipotangaza ruzuku. Serikali, ikisaidiwa na wafadhili, ilikuwa imeanzisha mfuko wa kuendeleza uzalishaji wa hewa hiyo hiyo, haidrojeni isiyo na moshi, na mfuko ungetolewa kwa ushindani: waombaji wajitokeze, wakaguliwe, wapewe alama, atakayeongoza katika kila bonde ndiye atakayepewa. Mwalimu Amedeus alisikia tangazo akiwa ananyoa ndevu, akaja kwa Paulina na povu upande mmoja.

Katika bonde la Kilombero walijitokeza wawili. Mmoja alikuwa Paulina kwa niaba ya kitongoji. Wa pili alikuwa Egidius, mwenye kiwanda cha mbao kando ya barabara ya Mngeta, mwenye bomba la moshi refu kupita mnara wa kanisa. Egidius hakuwa na hewa hiyo. Alikuwa na nia ya kuwa nayo baadaye, na nia yake ilikuwa imepigwa chapa na kujalidiwa.

"Kizuri chajiuza," Paulina alimwambia Mwalimu. "Waje tu waone."

Taarifa ilipokuja kwamba kamati itafika wiki ile, Paulina aliwakusanya wanawake wa kitongoji. Ndugu zangu, sisi watu wa bonde tuna ugonjwa mmoja, nao ni mgeni. Mgeni akitajwa, hata mwenye msiba husimama kufagia. Paulina alisema wageni wa serikali hawapokelewi na masizi, na hakuna aliyembishia. Walikwangua majiko yote. Masizi ya miaka, yale meusi yanayong'aa kama ngozi ya kambale, yaliyoning'inia kwenye vichanja tangu enzi za mama zao, waliyakusanya kwenye matenga wakayamwaga mtoni. Kuta walizikandika upya kwa udongo mweupe. Siku yenyewe hakuna aliyewasha kuni, ili moshi usiwachome wageni macho. Wali, bata, kitoga wa nazi, mchicha, vyote vilipikwa kwenye moto wa Paulina usioonekana, kwa zamu tangu alfajiri.

Na kwa kuwa hapakuwa na moshi, Teddy hakupanda.

Siku ile Paulina aliikumbuka maisha yake yote. Binti yake alitoka nje mchana kweupe na kutembea uwanjani. Alikwenda kwa Wilhelmina, akaingia jikoni kwake, mahali ambapo hakuwahi kuingia tangu azaliwe, akakaa kwenye kinu, akacheka na wenzake. Alikwenda mpaka mtoni na ndoo, akarudi nayo kichwani, na maji yakamwagikia mabegani kwa sababu hakuwa na mazoea. Miguu yake iliacha alama kwenye tope. Paulina alizipita zile nyayo, akarudi, akazitazama tena. Akajiambia, hivi ndivyo itakavyokuwa. Moyo ulimjaa hata akashindwa kuitikia salamu za watu.

Kamati ilikuja kwa Landrova, watu wawili. Mwenyekiti alikuwa Mama Aurelia, mwanamke mpole wa miaka arobaini hivi, na katibu wake alikuwa Bwana Viktor, kijana aliyevaa viatu visivyofaa tope.

"Shikamoo mama," Mama Aurelia akasema.

"Marahaba mwanangu. Karibuni, karibuni sana. Habari za safari?"

"Njema. Habari za hapa?"

"Nzuri tu," Paulina akasema, kama inavyopasa.

Teddy aliwanawisha mikono kwa maji ya moto yaliyodondoka chini ya sufuria. Walikula vizuri. Bwana Viktor aliongeza bata, akaongeza tena. Kisha wakaonyeshwa mtungi. Mama Aurelia alivua viatu bila kuambiwa, akapiga magoti, akaweka kiganja karibu na mdomo wa mwanzi pasipoonekana kitu, akahisi joto. Alipoinuka macho yake yalikuwa na maji.

"Nimesoma habari za hewa hii miaka mingi," akasema. "Sijawahi kuwa nayo chumba kimoja."

Aliukagua mtungi kila upande, akasema hewa hiyo ni halisi, ni safi, haina dosari, na wala Ulaya hawajafika hapo. Bwana Viktor akaandika. Paulina alimtazama Mwalimu Amedeus, na Mwalimu akatazama chini ili asicheke kwa furaha.

"Sasa tuonyesheni moshi," Bwana Viktor akasema.

Paulina hakuelewa. Mama Aurelia akamweleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Ruzuku ilikuwa ya kupunguza moshi. Alama zilitolewa kwa kiasi cha moshi ambacho mwombaji angekiondoa. Kwa hiyo ilibidi kwanza kuupima uliopo, siku ya ukaguzi, kwa macho ya kamati.

Wakapita nyumba kwa nyumba. Kila jiko lilikuwa jeupe. Bwana Viktor alipitisha kidole juu ya vichanja, kikatoka kisafi. Alinusa mapaa, akasikia udongo mbichi. Wanawake walisimama milangoni kwao wakiona fahari, na Wilhelmina akamwambia karibu tena.

"Pafukapo moshi pana moto," Viktor akasema, akifunga kalamu. "Hapa hapafuki."

Ndipo Paulina akasema yote. Alisema moshi upo, ni sisi tumeuficha kwa heshima yenu. Masizi yako mtoni. Akamshika Teddy mkono akasema huyu mtoto huwa hakai chini, mnamwona leo tu, jioni ya kila siku yuko juu ya ule msufi, muulizeni Mayunga. Hakuwahi kuona haya kiasi kile, kuona haya kwa sababu ya usafi.

"Mama, ninakuamini," Mama Aurelia akasema. Na alimwamini kweli. Aliinua uso akautazama msufi, akapima kwa macho, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba urefu huo unawezekana. "Lakini alama ni za siku ya ukaguzi. Nikikupa wewe za jana, yule mwingine ataomba za mwaka juzi."

"Basi subirini kidogo. Tuwashe sasa hivi."

"Moshi uliowashwa kwa ajili ya ukaguzi hauhesabiwi. Kanuni inasema hivyo, na ni kanuni nzuri, watu wengi ni waongo."

Teddy aliwapa wageni mkeka alioukamilisha wiki ile, wenye nakshi ya mto na mikono yake kama ulivyo ukiuona kutoka juu. Mama Aurelia aliupokea kwa mikono miwili. Walipoondoka gari lilikwama kwenye tope karibu na shule, na watu wa kitongoji wakaenda kulisukuma, Paulina akiwa miongoni mwao, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

Jioni ile wanawake walikuwa wamechoka kuliko siku zote. Waliwasha kuni. Teddy akampa mama yake ndoo, akafunga kamba kiunoni mwenyewe, akapanda.

Kwa Egidius kamati ilikuta moshi wa kutosha. Aliongoza kwa alama nyingi sana, na redio ikamtaja. Nisimseme vibaya: hakuiba kitu, na alisali Jumapili. Alipewa masharti kwamba vipimo vya moshi wake vingechukuliwa tena kabla mradi haujaanza, na kwamba moshi ukionekana umepungua kabla ya kuanza, ruzuku nayo ingepungua. Kwa hiyo alichoma. Alichoma vumbi la mbao, magome, mabaki ya miaka yote, akaajiri watu wa zamu. Moshi ulishuka bondeni kufuata mto, ukapita Mofu, ukakutana na ule wa wachoma nyasi, kwa maana kiangazi kilikuwa kimeanza.

Kwa Paulina mtungi uliendelea kutoa hewa yake, na wali ukaendelea kuiva juu ya mafiga matupu. Lakini Teddy sasa hakushuka jioni watu walipozima. Hakushuka asubuhi. Moshi ulikuwa umelala bondeni kutwa na kucha, tabaka juu ya tabaka, naye alikaa juu yake. Paulina alimpandishia chakula kwenye kikapu, na ukindu wa kusukia, na nguo za kubadilisha. Mikeka ikashuka kwa kamba hiyo hiyo, mizuri ya namna ambayo watu wa Ifakara walikuwa hawajapata kuiona, nakshi zake za milima na nyota zilizo karibu. Wanunuzi kutoka Mlabani, huko huko Ifakara, walikuja kuichukua, wakainua nyuso, wakamsalimu fundi.

Siku za mwanzo Paulina aliona nyayo zake. Baadaye aliona kitone kati ya jua na moshi. Baadaye akawa anaisikia sauti tu, ikisema shikamoo mama, na mara nyingine ilimfikia akiwa amekwisha kuitikia. Teddy hakulia huko juu. Alisema anaona mahali mto unapokwenda kukutana na mito mingine, na huko mbele kuna mwanga mkubwa uliolala chali, labda ndiyo bahari. Alisema hakuna neno la kuusema. Paulina aliamini, akajivunia, kisha akaingia ndani akalia kwa uchungu, uso kwenye mtungi ili asisikike.

Mwezi wa kumi kamba ilikaribia kwisha. Alikuwa ameshaunga ya mbuzi, ya mtumbwi, na kanga zake zote isipokuwa aliyovaa. Mwalimu Amedeus alikuwa ameleta kamba ya kengele ya shule. Nguzo ya jiko ilikuwa imeanza kuinuka kwenye shimo lake.

Ndipo lori la Egidius lilipofika Mofu. Egidius alishuka mwenyewe, akawaamkia wazee, akapeana mikono na kila mtu. Alieleza kwamba ruzuku ya serikali ina fungu dogo la jamii inayozunguka mradi, na kwamba alikuwa ameuliza huku na huku kila kitongoji kinahitaji nini hasa, maana hakupenda kuwapa watu vitu wasivyovitaka. Vijana wakashusha robota la kamba ya katani, mpya, nene, kubwa hata wakaliviringisha kwa mikono ya watu wanne. Likawekwa mlangoni kwa Paulina.

Ilikuwa kamba nzuri. Paulina aliipapasa, akaivuta, akaipima nguvu zake kwa goti. Akapiga goti kidogo, akamshukuru Egidius, na Egidius akasema si kitu, mama, ni haki yenu.

Lori lilipoondoka aliunga kamba mpya kwenye ya zamani, fundo juu ya fundo, Mwalimu akimshikia. Akaivuta kamba mara mbili. Baada ya kitambo, ikavutwa mara mbili kutoka juu. Saa ya kupika ilikuwa imefika, majirani wakawasha moto, na upande wa Mngeta wingu la kiwanda lilikuwa linashuka mtoni kama kawaida. Paulina aliuegemeza mgongo ukutani, akakaza miguu, akaanza kuiachia kamba taratibu kati ya viganja vyake.

"Panda, mwanangu," akasema. "Panda tu. Kamba ipo."